Mashine ya fotokopi ofisini: itumie zaidi ya kile kitufe cha kijani

Maswali ni yale yale. Nitatoaje kopi ya kitambulisho, mbele na nyuma, kwenye karatasi moja? Mbona upande wa pili umetoka kichwa chini? Nitamtumiaje mkurugenzi skani bila kutembea na flashi? Faksi ya Nairobi inagoma, nifanyeje?

Ofisi inanunua au kukodi Kyocera, Canon, Ricoh au Konica Minolta kwa fedha nyingi, halafu miaka inapita kila mtu anabonyeza kitufe kimoja tu. Karatasi zinaisha, tona inaisha, na mwalimu wa taaluma anakesha akipiga pini mitihani ambayo mashine ingeweza kuitoa imeshapangika. Mwongozo huu ni wako wewe katibu muhtasi, karani wa masjala, mwalimu, au kijana uliyeanza kazi steshenari juzi. Menyu hutofautiana kidogo kati ya mashine na mashine, lakini mantiki ni moja. Skrini nyingi zimewekwa kwa Kiingereza, hivyo nitakutajia neno utakaloliona pale unapolihitaji.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Neno la siri la msimamizi wa mashine. Fundi aliyeifunga analo. Kama bado ni lile la kiwandani, libadilishe leo, kwa sababu linapatikana mtandaoni na kila mtu anaweza kulisoma.
- Anwani ya IP ya mashine, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Chapisha ukurasa wa hali ya mashine kutoka kwenye menyu ya ripoti, utaiona hapo.
- Karatasi kavu za gramu 80. Rimu iliyofunguliwa ibaki kwenye ganda lake. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja hewa ina unyevu, na karatasi iliyolala wazi wiki nzima itakwama tu.
- Kitambaa laini kisichoacha nyuzi.
- Stabilaiza ya umeme inayolingana na mashine. Usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Sehemu inayoyeyushia tona kwenye karatasi huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo huzidiwa.
- Karatasi 4 za mazoezi. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito namba 1 hadi 8, mbele na nyuma. Jaribu kila kitu kwa karatasi hizi kabla hujagusa nyaraka halisi.

Jambo moja kabla ya yote: bonyeza "Reset" kila unapofika kwenye mashine. Aliyekutangulia anaweza kuwa ameacha asilimia 70 au pande mbili, na wewe ukatoa kopi 60 mbovu bila kujua.

Kopi za pande mbili bila kupindua nyuma

1. Toa pini na vibanio vyote. Panga karatasi kwenye fida, yaani sehemu ya juu inayovuta karatasi moja moja yenyewe. Mashine nyingi hutaka maandishi yatazame juu. Angalia alama iliyochorwa kwenye fida. Kwenye kioo, maandishi hutazama chini, na kona ya karatasi hukaa penye mshale.
2. Chagua "Copy", kisha "Duplex" au "2-Sided".
3. Iambie mashine unacho nini na unataka nini. Karatasi za upande mmoja ziwe za pande mbili ni 1 kwenda 2. Zilizo na pande mbili tayari ni 2 kwenda 2. Ukitaka kuzitawanya ziwe za upande mmoja, ni 2 kwenda 1.
4. Weka mwelekeo wa karatasi za asili, yaani kichwa cha ukurasa kiko upande gani. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo chanzo kikubwa cha ukurasa wa nyuma kutoka kichwa chini.
5. Chagua jinsi zitakavyofunguliwa: kama kitabu (ukurasa hugeuzwa kulia kwenda kushoto) au kama kalenda ya ukutani (chini kwenda juu).
6. Chagua "Collate" au "Sort" ili upate seti kamili moja baada ya nyingine, siyo ukurasa wa kwanza mara 40, kisha wa pili mara 40. Kama mashine ina sehemu ya kupiga pini, chagua kona hapo hapo.
7. Toa seti MOJA. Ifungue, isome, hakikisha kurasa zote zimo. Ndipo uandike idadi kamili.

Hatua ya 7 nisingependa uiache hata siku moja. Hakuna mpangilio wa mashine utakaokuokoa ukishatoa seti 300 zenye ukurasa wa 6 uliokosekana kwa sababu fida ilivuta karatasi mbili kwa pamoja.

Kijitabu, na mtihani wa kurasa nne

Kazi hii inaitwa "Booklet". Kwa shule, misikiti, makanisa na wanaotoa ratiba za harusi au mazishi, hakuna inayookoa muda kuliko hii.

Kijitabu hutengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa katikati, kwa hiyo kila karatasi hubeba kurasa 4. Kurasa 16 ni karatasi 4. Ile ya nje kabisa itakuwa na ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Usijisumbue kuzipanga hivyo wewe. Mashine hufanya hesabu yenyewe. Kazi yako ni kuziweka kwa mfuatano wa kawaida, 1, 2, 3. Ukiwa na kurasa 14, itaacha 2 za mwisho tupu, kwa hiyo fikiria mapema utajaza nini.

1. Weka kurasa zote kwenye fida kwa mfuatano.
2. Chagua "Booklet" na ueleze kama karatasi za asili ni za upande mmoja au pande mbili.
3. Chagua karatasi ya kutolea. Kurasa za A4 zikitoka kwenye A4 zitapungua hadi takribani asilimia 70, na kijitabu kitakuwa cha ukubwa wa A5. Zikitoka kwenye A3, zitabaki asilimia 100 na kijitabu kitakuwa cha A4.
4. Chagua kufunguka kushoto. Kwa maandishi ya Kiarabu, chagua kulia.
5. Toa kimoja, kikunje, kisome.

Tazama faida yake kwenye mitihani. Mtihani wa kurasa 4 kwa wanafunzi 200, ukitoa pande mbili kwenye A4, ni karatasi 400 na pini 200. Ukitoa kwa mtindo wa kijitabu kwenye A3, ni karatasi 200 zinazokunjwa mara moja, bila pini hata moja, na hakuna mwanafunzi atakayenyoosha mkono kusema ukurasa wa tatu umechomoka.

Tahadhari: herufi za ukubwa wa 10 zikipunguzwa hadi asilimia 70 zinabaki kama za 7. Mzee mwenye miwani hatazisoma. Ukijua unakwenda A5, andika waraka wako kwa herufi za 14 tangu kwenye kompyuta.

Kupunguza na kukuza kwa kawaida kuna namba mbili tu za kukariri: A4 kwenda A3 ni asilimia 141, A3 kwenda A4 ni 70 au 71.

Kitambulisho pande zote mbili kwenye karatasi moja

1. Futa kioo kwanza.
2. Tafuta "ID Card Copy" kwenye menyu ya kopi.
3. Weka kitambulisho kwenye kioo, kama milimita 5 kutoka ukingoni. Kikigusa ukingo kabisa, mstari mwembamba wa pembeni hukatwa, na benki watakurudisha.
4. Bonyeza kuanza. Mashine ikisoma, geuza kitambulisho pale pale bila kubadilisha sehemu, kisha bonyeza tena.

Mashine yako haina kitufe hicho? Tumia "Combine" au "2 in 1": andika kwamba karatasi ya asili ni A5, karatasi ya kutolea ni A4, na ukubwa uwe asilimia 100. Matokeo ni yale yale.

Kama picha imetoka nyeusi, chagua aina ya asili kuwa maandishi pamoja na picha, kisha punguza wino hatua moja.

Na tafadhali, fungua kifuniko kabla mteja hajaondoka. Vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na hati za viwanja husahaulika kwenye kioo kila siku, na mwenyewe anaweza kuwa ameshapanda basi la mkoani.

Kazi kubwa, kazi za dharura

Fida nyingi hubeba kati ya karatasi 50 na 100. Waraka wa kurasa 250 usiutoe vipande vipande ukapanga kwa mkono. Washa "Job Build" (kwingine ni "Batch"), soma fungu la kwanza, weka la pili, endelea hadi mwisho, ndipo uamuru itoe. Itazihesabu zote kuwa kazi moja.

Mtu akija na kopi moja ya haraka wakati mashine iko katikati ya seti 300, bonyeza "Interrupt". Itasimama, itatoa ya kwake, kisha utaibonyeza tena iendelee pale ilipoishia. Usifute kazi.

Mpangilio unaourudia kila wiki uhifadhi kwenye "Program" na uupe jina linaloeleweka, kwa mfano MTIHANI A3.

Skani iende yenyewe kwenye barua pepe

Hapa wengi hukata tamaa, na mara nyingi tatizo ni kitu kimoja kidogo. Tenga saa moja tulivu.

1. Unganisha mashine kwenye ruta kwa kebo ya mtandao. Chapisha ukurasa wa hali, soma anwani ya IP, iandike kwenye kivinjari cha kompyuta iliyo kwenye mtandao huo huo. Ukurasa wa mashine utafunguka.
2. Ingia kwa neno la siri la msimamizi.
3. Rekebisha tarehe, saa na ukanda wa saa. Afrika Mashariki ni GMT+3. Saa ikiwa nyuma miaka mitatu, muunganisho salama hukataliwa na hutaambiwa sababu.
4. Hakikisha anwani ya ruta ("Gateway") na ya DNS (inayotafsiri majina ya mtandaoni kuwa anwani za IP) zimejazwa.
5. Nenda kwenye mipangilio ya SMTP, yaani njia ya kutuma barua pepe. Kwa Gmail, seva ni smtp.gmail.com, mlango ("Port") ni 587, ulinzi ni STARTTLS.
6. Fungua akaunti ya ofisi kwa kazi hii, usitumie ya mtu binafsi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza neno la siri la programu. Google itakupa herufi 16. Hizo ndizo za kuandika kwenye mashine. Neno lako la kawaida halifanyi kazi tangu Google ilipofunga njia hiyo mwishoni mwa Mei 2022, na ndiyo maana mashine nyingi zilizokuwa zikituma vizuri ziliacha ghafla.
7. Anwani ya mtumaji ijaze iwe ile ile ya akaunti. Bonyeza kitufe cha kujaribu.
8. Ikikubali, ingiza watu kwenye kitabu cha anwani ili siku nyingine uguse jina tu.

Kwa barua za kawaida chagua PDF, nyeusi na nyeupe, dpi (kipimo cha ukali wa picha) 200 au 300. Rangi kwa dpi 600 hutoa faili zito mno, na Gmail haitumi kiambatisho kinachozidi MB 25.

Mashine ya zamani isiyojua TLS 1.2 (ulinzi wa mawasiliano ya mtandaoni) hukataliwa na watoa huduma wengi hata ukiandika kila kitu sawasawa. Hiyo ipe kazi ya kuskani kwenda kwenye flashi, au kwenye folda ya kompyuta kwa FTP (njia ya kupeleka faili kwenye mtandao). Kuna mafundi watakaokwambia uwashe SMB (njia ya kushirikisha folda kwenye mtandao) toleo la 1 kwenye Windows ili folda ifunguke. Kataa. Virusi vya WannaCry vilivyosambaa duniani Mei 2017 vilipitia udhaifu wa toleo hilo hilo.

Siri za watu

Barua ya kufukuzwa kazi haitakiwi kulala kwenye trei ya mashine iliyopo koridoni. Ukichapisha kutoka kwenye kompyuta, fungua mipangilio ya printa, chagua "Private Print", "Locked Print" au "Secured Print" kulingana na mashine, weka namba ya siri, kisha tuma. Karatasi haitatoka mpaka uifuate na kuandika namba hiyo. Mitihani ichapishwe hivi daima.

Ofisi yenye idara nyingi impe kila mmoja namba yake ya kuingilia na kikomo cha kopi kwa mwezi. Ugomvi wa nani amemaliza tona utaisha wenyewe.

Mashine kubwa nyingi zina diski ndani inayohifadhi kazi. Ukiiuza au ukirudisha ya kukodi, futa diski kwanza kupitia menyu ya msimamizi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Nakala za vitambulisho vya wateja wako ni taarifa binafsi, na wewe ndiye uliyeaminiwa nazo.

Faksi

Haitumiki kama zamani, lakini hospitali na kampuni za bima za Marekani, ofisi nyingi za Japani na baadhi ya wanasheria bado wanaidai.

1. Chomeka laini ya simu ya mezani kwenye tundu la "LINE", siyo la "TEL". Simu za mezani zinazotumia laini ya kadi hubana sauti, na faksi hukatika katikati.
2. Jaza jina la ofisi na namba yako. Huchapwa juu ya kila ukurasa kwa anayepokea.
3. Kama ofisi ina swichibodi, tanguliza namba ya kutokea nje (mara nyingi 9 au 0), bonyeza "Pause", ndipo uandike namba ya mpokeaji.
4. Alama ya + haipo kwenye faksi. Kutoka Tanzania, nchi za nje huanza na 000, kisha msimbo wa nchi. Kenya ni 005 na Uganda ni 006, bila msimbo wa nchi. Kwa hiyo Nairobi ni 005, kisha 20, kisha namba yenyewe. Kutoka Kenya kuja Tanzania ni 007. Dar es Salaam itafuatia kwa 22.
5. Chagua ubora wa "Fine" kama kuna mihuri au herufi ndogo.
6. Washa mpangilio wa kuandika namba mara mbili. Ripoti ya matibabu iliyokwenda kwa mtu asiyehusika hairudi.
7. Washa ripoti ya kutuma na uifunge kwenye faili pamoja na barua. Huo ndio ushahidi wako.

Waraka mmoja kwa wapokeaji wengi unatumwa kwa "Broadcast". Zinazoingia unaweza kuzielekeza kwenye barua pepe, mradi sehemu ya SMTP imekaa sawa.

Mambo yakienda kombo

*Mstari mweusi ulionyooka, ila ni kopi za fida tu.* Ukitoa kwenye kioo kikubwa hauonekani. Angalia kile kioo chembamba pembeni, upande wa kushoto kwa mashine nyingi. Kuna tone la wino wa kufutia au gundi. Lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha kikavu. Huhitaji fundi wala dramu mpya kwa hili.

*Mashine inadai karatasi ya Letter na trei imejaa A4.* Waraka wenyewe uko kwenye Letter, ukubwa wa Marekani. Badilisha iwe A4 ndani ya waraka na kwenye mipangilio ya printa, zote mbili.

*Maandishi yanafutika kwa kidole.* Umeweka karatasi nzito lakini mashine inadhani ni ya kawaida. Badilisha aina ya karatasi kwenye trei iwe "Thick". Yakifutika hata kwenye gramu 80, sehemu ya kuyeyushia tona imechoka, hiyo ni ya fundi.

*Karatasi zinakwama mara kwa mara.* Badilisha rimu, pepea karatasi kabla ya kuziweka, sukuma vizuizi vya trei viziguse bila kuzibana. Iliyokwama ivute taratibu kwa mikono miwili, kuelekea inakoelekea kutoka. Kipande kikibaki ndani, kitakwamisha nyingine zote. Eneo lenye alama ya joto usiliguse. Huzidi nyuzi 150.

*Mashine inasema kumbukumbu imejaa.* Futa kazi zilizosubiri na faksi zilizokwisha kusomwa, au punguza dpi.

*Faksi inaunganisha kisha inakata.* Shusha kasi hadi 14400, au 9600. Kama simu yenu inapita kwenye intaneti, zima pia ECM (urekebishaji wa makosa) na ujaribu tena.

*Tona imemwagika.* Kitambaa kikavu, kisha maji baridi. Maji ya moto huigandisha kwenye nguo.

*Namba ya hitilafu imetokea.* Kwenye Ricoh huanza na SC, Kyocera na C, Canon na E. Iandike. Zima kwa swichi kuu ya mashine, siyo ukutani, subiri skrini izime kabisa, kisha washa. Ikirudi, mpigie fundi ukiwa na mambo manne mkononi: modeli, namba ya hitilafu, idadi ya kopi kwenye kaunta, na kama shida hutokea ukitumia fida, kioo au kompyuta. Akijua hayo, anaweza kuja na kifaa sahihi kwenye begi safari ya kwanza.